Salum Abdallah katika Mirathi ya Baba

Siku ya kumi baada ya kumzika baba yetu, tulikaa barazani kwake Kibondo kugawa alichokiacha. Sheikh aliyetusimamia alifuata utaratibu unaojulikana: gharama za maziko kwanza, kisha madeni, kisha wasia kama upo, ndipo warithi. Deni lilikuwa moja tu, la mifuko miwili ya saruji, nasi tulikwisha kulilipa asubuhi ile. Mali yenyewe haikuwa ya kuchosha hesabu. Palikuwa na nyumba, shamba la migomba na mihogo, mbuzi wanne, baiskeli, cherehani aliyoshonea kanzu za nusu ya wanaume wa mji, na sanduku la bati lililokaa uvunguni mwa kitanda chake tangu nipate akili. Mama alikuwa chumbani katika eda yake, mlango ukiwa umerudishwa nusu ili asikie.

Sheikh akauliza sanduku lina nini. Mdogo wangu, ambaye ni ustadhi wa madrasa, akawahi kujibu: "Mambo ya jahilia, sheikh. Rai yangu tulivunje tu, tumalize."

Ndani yake mlikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na santuri ishirini na mbili zilizofungwa kwa vitambaa. Kumi na nne kati ya hizo zilikuwa za mtu mmoja, Salum Abdallah wa Morogoro.

Najua baadhi ya wasomaji wa ukurasa huu watakunja uso, na sitawalaumu. Suala la ala za muziki wanazuoni wamelijadili kwa karne nyingi. Imam Ghazali alilitengea kitabu kizima ndani ya Ihyaa Uluumid-Diin, na wengi wa madhehebu manne wamekuwa wakali zaidi yake. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi niliyeolewa Kasulu, na fatwa si kazi yangu. Ninaloweza kusimulia ni habari za aliyeimba, habari za aliyemsikiliza, na jinsi sanduku lile lilivyokaribia kutufarakanisha watoto watatu wa tumbo moja.

Baba aliondoka Kibondo mwaka 1955, kijana wa miaka kumi na tisa. Wakati wa Mwingereza nchi yetu ya Buha, yaani Kasulu na Kibondo, ilikuwa kama ghala la kuchotea vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na fedha haikuwepo huku milimani. Ilikuwa mashariki, kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, Korogwe, Kilosa na Morogoro. Wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, na kwa namba hiyo watu wetu wakaitwa manamba, neno ambalo hadi leo mzee wa Kiha akilisikia hanyanyui macho haraka.

Wengi waliondoka kwa sababu ya kodi. Baba aliondoka kwa sababu nyingine ambayo hakutuambia akiwa hai, nami nitaieleza mahali pake. Alifika Kimamba, stesheni ya reli ya kati baina ya Morogoro na Kilosa. Huko alikata mkonge, na mshahara ulihesabiwa kwa kipande, karatasi ya siku thelathini za kazi, na siku usiyomaliza fungu lako haikuandikwa. Huko ndiko aliposilimu, kwa mwalimu wa chuo aliyekuwa mkata mkonge mwenzake. Huko alijifunza kushona, akamwoa mama, binti wa Kiluguru, na huko kaka yetu mkubwa alizaliwa mwaka 1962. Na huko, jioni za baada ya malipo, alimjua Salum Abdallah.

Salum Abdallah Yazidu alizaliwa Morogoro mwaka 1928, baba yake Mwarabu, mama yake Mluguru. Mwaka huo huo Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili zilizoenea pwani yote. Salum basi alikuwa katika kizazi kilichokua kikisikia sauti za watu wasioonekana zikitoka kwenye sahani nyeusi. Lakini kilichomteka hakikuwa taarabu. Tangu miaka ya thelathini kampuni ya HMV ilikuwa ikiuza Afrika santuri za Kuba zilizotiwa herufi GV na namba. Rumba zile ziliimbwa kwa Kihispania, lugha ambayo huku hakuna aliyeielewa, na bado kila mwenye gramafoni alizitaka. Baba alikuwa akisema kwamba mapigo yake yalimkumbusha ngoma za kwao, ila zimevaa suti.

Inasimuliwa kwamba Salum akiwa kijana alitoroka kwao, akaenda Mombasa, nia yake apande meli hadi Kuba akajifunze muziki ule kwenye chimbuko lake. Fikiria umbali huo, ndugu msomaji: mtoto wa Morogoro, asiye na pasi wala nauli, akiulizia bandarini meli ya Havana. Kuba hakufika. Alirudi Morogoro, na mwaka 1948, akiwa na miaka ishirini, yeye na wenzake wakaanzisha bendi waliyoiita La Paloma, jina la wimbo wa zamani wa Kihispania lenye maana ya njiwa. Baadaye bendi hiyo ikajulikana kwa jina la Cuban Marimba, na kwa jina hilo ikasikika Afrika Mashariki nzima.

Mtu anaweza kudhani kwamba kijana aliyekosa kufika Kuba alibaki kuwa mwigaji wa Wakuba. Sivyo ninavyomsikia mimi. Alichukua mwendo wao wa rumba na cha-cha-cha akauvisha Kiswahili cha watu wa bara waliochanganyika stesheni, sokoni na mashambani. Mashairi yake yalikuwa mafupi, yanayoshikika kwa kusikia mara moja, kama mtu anayezungumza na shemeji yake kibarazani. Kwa manamba waliokusanywa kutoka makabila kumi, Kiswahili hicho kilikuwa kitu pekee walichomiliki pamoja. Baba aliingia Kimamba akizungumza Kiha tu. Alikuwa akisema, kwa utani wenye ukweli, kwamba Kiswahili cha dini alifundishwa na mwalimu wa chuo, na Kiswahili cha dunia alifundishwa na Salum Abdallah.

Nyimbo zake zilitolewa na Mzuri, lebo ya Mombasa. Kwa hiyo mji alioutorokea akitafuta meli ndio uliokuja kusambaza sauti yake. Santuri za baba zilikuwa za aina ya zamani, za mizunguko sabini na nane kwa dakika, zenye kuvunjika kama kigae. Upande mmoja haukuzidi dakika tatu au zaidi kidogo, na ukiisha ilibidi ujaze upya springi kwa mkono na ubadilishe sindano. Mama anasema sahani moja ilikuwa si kitu cha kununua bila kufikiri. Baba aliziweka moja moja, kwa miaka kumi, kama wengine walivyoweka mbuzi.

Uhuru ulipokuja mwaka 1961 bendi za dansi ziliimba siasa kama zilivyoimba mapenzi, na Cuban Marimba haikubaki nyuma. Moja ya nyimbo za Salum inaitwa Wanawake Tanzania. Jina la Tanzania lilianza kutumika Oktoba 1964, hivyo wimbo huo ni wa mwishoni mwa uhai wake. Novemba 1965 alifariki katika ajali ya gari. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba. Bendi iliendelea chini ya Juma Kilaza, na Morogoro haikupungukiwa na waimbaji, kwani katika Morogoro Jazz, wapinzani wa Cuban Marimba, aliinuka Mbaraka Mwinshehe. Naye pia alikufa kwa ajali ya barabarani, nchini Kenya, Januari 1979. Mji mmoja, waimbaji wawili wakubwa, na wote waliondoka kwa njia moja.

Baba hakukaa sana baada ya Novemba ile. Mwaka 1966 alipanda treni Kimamba na mama, kaka akiwa mgongoni, na sanduku la bati mapajani. Alishuka Kigoma, akapanda lori kupitia Kasulu mpaka Kibondo. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata. Katika miaka ya mwanzo ya sabini, watu walipohamishiwa vijijini, sanduku lilihama juu ya kichwa cha mama wakati baba amebeba cherehani. Lakini mimi sikuwahi kuisikia gramafoni ile ikilia. Nilipokuwa mdogo bado, wazee wa msikiti walimwomba baba awe mwadhini kwa sababu ya sauti yake, naye tangu siku hiyo akalifunga sanduku. Hakulivunja wala hakuliuza. Alilifunga kwa kufuli na ufunguo akautia kwenye mkufu wa saa yake.

Hata hivyo, Radio Tanzania ilipopiga zilipendwa jioni na Salum akatokea, baba hakuzima redio. Aliinamia cherehani, mguu ukaendelea kukanyaga, na midomo ikaenda bila sauti. Sisi watoto tulijifanya hatuoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenye uchungu. Kaka yetu alikuwa na sikio. Aliadhini akiwa na miaka minane, na maulidi yakisomwa wazee walimtaka yeye. Alipofika kidato cha kwanza alijitengenezea gitaa la debe na nyuzi za breki za baiskeli. Baba alilivunja. Akatengeneza la pili, likavunjwa nalo. Mwaka 1981, akiwa na miaka kumi na tisa, alifuata bendi moja mpaka Tabora. Baba alitamka mbele yetu sote kwamba mtoto huyo asirudi nyumbani kwake na gitaa, na kaka, kwa ukaidi aliourithi panapojulikana, hakurudi kabisa. Alipiga Tabora, akapiga Dar es Salaam, kisha vidole vikachoka na bendi zikafa. Akaishia kuwa fundi redio Morogoro, karibu na wajomba zetu. Mara mbili tatu alikuja kumwona mama, na kila mara alilala kwangu Kasulu, mama akasafiri kumfuata huko kana kwamba anakwenda hospitali.

Mara moja walikutana. Baba alikuwa amekuja Kasulu kutibiwa macho, na kaka akafika bila taarifa. Kaka akasimama mlangoni, akasema, "Assalaam alaykum, baba. Shikamoo." Baba akaitikia salamu ya dini kwa ukamilifu wake, mpaka warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo hakuiitikia. Akamaliza chai, akachukua bakora, akaenda msikitini, akakaa huko mpaka baada ya isha. Nimewahi kufiwa, lakini jioni ile nilihisi ubaridi ambao sijauhisi makaburini.

Nilimkasirikia baba kwa miaka mingi kwa ajili ya sanduku lile. Niliona ni unafiki, Mungu anisamehe. Iweje mtu avunje gitaa la mwanawe na huku amelala juu ya sauti ya mtoro mwenzake?

Kaka aliwasili siku ya tatu baada ya maziko, basi likiwa limekwama njiani, na kwa hiyo siku ile ya kumi alikuwepo barazani. Mdogo wetu aliposema tulivunje, kaka hakujibu neno. Alilivuta sanduku akainua gramafoni, akafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi aliyotoa mfukoni, kama mafundi walivyo. Akagusa springi, akanusa kidole.

"Hii imetiwa mafuta," akasema. "Si zamani. Mwaka huu."

Kimya kikatanda. Kisha sauti ya mama ikatoka chumbani, nyuma ya mlango. Nitaiandika kama nilivyoisikia, maana mama hasemi mengi.

"Kila Novemba aliitia mafuta. Aliponipelekea nikaizungusha nilikuwa naizungusha, bila sahani. Alisema chuma kikikaa bila kuzunguka kinakufa."

Mdogo wangu akauliza, kwa adabu, kwa nini mtu aliyetubu muziki atunze ala yake miaka hamsini.

"Babako hakutoka hapa kwa kodi," mama akasema. "Alitoka kwa kugombana na baba yake, usiku, bila kuaga. Akasema atarudi na fedha aombe radhi. Babu yenu akafa mwaka wa pili, habari ikafika Kimamba na watu wapya waliokuja kuandikishwa. Hakupata radhi. Na Salum naye wakati huo watu walisimulia kwamba alitoroka kwao. Babako akampenda kwa hilo kabla hajampenda kwa nyimbo. Alisema, huyu anajua. Na wewe ulipoondoka," na hapa tulijua anasema na kaka, "alisema ni ile ile imerudi. Hakukuchukia. Aliogopa."

Sijui ni mwanangu yupi atakayesoma haya na ni lini. Hofu ya mzazi kwa nje inafanana kabisa na chuki, na mtoto anayetazama kutoka nje hana kipimo cha kuzitenganisha. Baba alikuwa na mdomo uliofika mbali kuliko midomo yote ya Kibondo, mara tano kwa siku, na sentensi moja ya kumwambia mwanawe ilimshinda kwa miaka arobaini.

Kaka akauliza, macho yakiwa kwenye springi, "Mama, alinitaja?"

Mama akanyamaza kiasi cha mtu kusoma Fatiha. "Alisema sanduku wasipewe wasiojua kulitia mafuta."

Sheikh akainua kichwa, kwani hapa palikuwa na suala la sheria. Neno la namna hiyo lingeweza kuhesabiwa wasia, na wasia kwa mrithi hausimami ila warithi wenzake waridhie. Mimi nikaridhia papo hapo. Mama akasema ameridhia. Akabaki mdogo wetu, na baraza zima likamgeukia. Nilimwonea huruma. Hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyemwosha baba, ndiye aliyemlisha miezi yote ya ugonjwa, na anachokiamini anakiishi. Kumtaka aseme ameridhia kumpa kaka yake kitu anachokiona haramu ilikuwa kumtaka auze kitu chake cha thamani kuliko nyumba.

Alifikiri kwa muda mrefu, vidole vikihesabu tasbihi bila kutaja.

"Sheikh," akasema mwishowe, "kwa rai ninayoifuata, ala hizi hazina thamani katika sheria. Kisicho na thamani si mali. Kisicho mali hakiingii katika mirathi, wala hakihitaji wasia, wala hakihitaji ridhaa yangu. Ni kama jivu la jikoni. Anayetaka kulizoa alizoe."

Sheikh akamtazama, na nikaona ndevu zake zikicheza kidogo. Akaandika mbuzi wanne, baiskeli na cherehani, akatoa thumni ya mama, kilichobaki akakigawa mafungu matano, mawili mawili kwa wanaume na moja kwangu. Sanduku halikuandikwa popote. Tulipoinuka, mdogo wangu ndiye aliyelibeba mpaka mlangoni, akampa kaka bila kumtazama, akasema, "Funga kamba vizuri, kaka, barabara ya Kasulu ina mashimo upande huu."

Siku mbili baadaye kaka alipita kwangu akielekea Kigoma kupanda treni. Alikataa sanduku lisikae chini ya basi, akalipakata njia nzima. Jioni, baridi ya Kasulu ikianza kushuka, alilifungua barazani. Kati ya zile kumi na nne, nne zilikuwa na nyufa. Alinieleza kwamba nyimbo kadhaa za Salum za mwaka 1955 hadi 1965 ziliwahi kutolewa upya mwaka 2000 na kampuni ya Dizim Records, katika diski inayoitwa Ngoma Iko Huku, hivyo mtu anaweza kumsikia bila sindano wala springi. Hata hivyo alipangusa sahani moja kwa upande wa shati lake, akajaza springi taratibu akihesabu mizunguko, akashusha sindano.

Kwanza ulitoka mchakacho kama wa mvua juu ya bati. Kisha magitaa, kisha sauti ya kijana, nyembamba, isiyo na haraka. Nilikuwa na umri wa zaidi ya nusu karne nikiisikia gramafoni ya baba kwa mara ya kwanza. Kaka aliinamisha kichwa kama baba alivyoiinamia cherehani, na midomo yake ikawa inakwenda.

Upande haujaisha, adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa jirani. Kaka akanyoosha mkono, akainua sindano, akafunika kifuniko, akaniuliza maji ya kutawadha yako wapi.